Koti la Mvua la Mwindaji: Maswali Yenu na Majibu

Barua nyingi mlizotuandikia kuhusu mavazi ya mvua zinalia kilio kimoja, kwamba koti linavuja. Zilizofanana tumeziunganisha. Mtaona kuwa makoti mengi mnayotaka kuyatupa hayajaharibika. Ni machafu tu.

Mhariri, koti langu lina misimu miwili. Niliuziwa kama koti lisilopitisha maji kabisa, lakini sasa baada ya saa mbili za mvua nalowa mabegani, mgongoni na kwenye viwiko. Je, nilitupe?

Usilitupe, ndugu msomaji. Unyevu ndani ya koti una vyanzo vitatu, na kila kimoja kina tiba yake.

Chanzo cha kwanza ni jasho. Mtu anayepanda mlima akiwa na mzigo mgongoni anaweza kutoa jasho la lita moja kwa saa, na hakuna koti linalotoa mvuke kwa kasi hiyo. Ukibaki ndani, mvuke huo hugeuka matone kwenye upande wa ndani wa koti, nawe unadhani mvua imepenya. Dalili yake ni unyevu uliotapakaa mgongo mzima na kwapani, tena wa vuguvugu, na huanza ukitembea, siyo ukikaa.

Cha pili, na ndicho kinachowapata wengi wenu, ni kitambaa cha nje kunywa maji. Koti la kisasa lina kazi mbili zilizogawanywa. Ndani kuna utando mwembamba unaozuia maji na kuachia mvuke. Utando unaojulikana zaidi, ule wa Gore-Tex, ulitokana na ugunduzi wa Bob Gore mwaka 1969, alipogundua kuwa PTFE, aina ya plastiki, ikivutwa ghafla hujaa vitundu vidogo sana: tone la maji haliingii, mvuke unapita. Kazi ya pili ni ya kitambaa cha nje, ambacho hupakwa dawa inayofanya maji yajikunje kuwa shanga na kuteleza. Dawa hiyo huisha kwa kusuguliwa na mkanda wa bunduki, mikanda ya begi na vichaka, na hufunikwa na vumbi, moshi wa kambini na mafuta ya mwili. Ikishazidiwa, kitambaa cha nje kinalowa chote. Utando bado ni mzima, ila sasa umefunikwa na blanketi la maji baridi. Mvuke hauna pa kutokea, mwili unapoa, jasho linageuka matone ndani. Unajisikia umelowa kwa mvua, kumbe umelowa kwa jasho lako mwenyewe. Mabega na viwiko ulivyovitaja ndiyo sehemu zinazosuguliwa zaidi.

Cha tatu ni tundu, mshono ulioachia au utando uliochanika. Hapo unyevu huanzia sehemu moja unayoweza kuigusa kwa kidole, na ni wa baridi.

Ili kujua ni kipi, nyunyizia koti kavu maji ya bomba. Yakijikunja na kuteleza, dawa ya nje ipo. Yakitandaa na kitambaa kikawa cheusi ndani ya dakika moja au mbili, una tatizo la pili, nenda kwenye jibu la kufua. Kama bado una wasiwasi na sehemu fulani, geuza koti ndani nje, kunja sehemu hiyo iwe kama kifuko, mimina glasi ya maji humo, kisha kamua taratibu ukitazama upande wa pili. Mahali penye tundu patatoa tone. Pazungushie alama ya chaki. Kitambaa kulowa bila tone kutokea si uvujaji.

Niliambiwa koti la mvua halifuliwi, eti sabuni inaua kinga yake. Mimi sijawahi kulifua. Nimefanya vyema?

Hapana, na ushauri huo umeharibu makoti mengi. Mafuta ya mwili na jasho la chumvi hukaa juu ya utando, huziba njia ya mvuke, na baada ya muda huanza kuachanisha tabaka za kitambaa hasa shingoni na kwenye kofia. Kinachodhuru ni sabuni isiyofaa. Sabuni ya unga huacha chembe zinazovuta maji. Dawa ya kulainisha nguo huacha utando wa mafuta unaofuta kabisa kazi ya dawa ya nje. Dawa ya kung'arisha yenye klorini hushambulia gundi ya utepe unaoziba mishono kwa ndani.

Fua baada ya kila siku kumi hadi kumi na tano za kulivaa, mapema zaidi kama limeingia damu, tope au moshi. Damu iondoe kwanza kwa maji baridi na brashi laini, siku hiyohiyo ikiwezekana. Ukianza na maji ya moto damu hukamata kitambaa na haitoki tena.

Funga zipu zote na velkro zote, legeza kamba za kiunoni na za kofia, toa kila kitu mifukoni. Kama unatumia mashine, vuta kwanza droo ya sabuni uioshe, kwa sababu mabaki ya sabuni ya unga na ya kulainisha hukaa humo. Weka koti moja au mawili tu. Tumia sabuni ya maji iliyotengenezwa kwa nguo za kuzuia maji, kwa kipimo cha chupa, ambacho kwa kawaida ni kati ya mililita 50 na 150. Kama haipatikani, sabuni ya maji isiyo na rangi, harufu wala kilainishi, kwa kiasi kidogo sana. Maji yawe ya nyuzi 30 hadi 40. Suuza mara mbili. Usikamue kwa kasi kubwa, wala usisokote kwa mikono.

Hatua inayorukwa na wengi ni joto. Dawa ya nje hulala ikifuliwa na huamshwa na joto. Soma lebo ya ndani kwanza. Ikiruhusu mashine ya kukaushia, kausha kwa joto la chini, na koti likishakauka liache lizunguke dakika 20 zaidi. Kama huna mashine hiyo, lianike likauke kivulini, kisha lipige pasi ya moto mdogo bila mvuke, ukiwa umeweka taulo jembamba kati ya pasi na koti. Jaribu tena kwa maji. Shanga zikirudi, kazi imeisha.

Zisiporudi, ndipo unanunua dawa ya kurudishia kinga. Ipo ya kunyunyizia na ya kuchovya. Chagua ya kunyunyizia, kwa sababu ya kuchovya hupaka hata ndani, mahali ambapo unataka kitambaa kinyonye jasho. Nyunyizia koti likiwa safi na bado bichi, kutoka umbali wa sentimita 15 hivi, ongeza kwenye mabega, viwiko na kofia. Subiri dakika mbili, futa matone yaliyozidi kwa kitambaa chenye unyevu, kisha lipe joto kama ilivyoelezwa. Ukinyunyizia juu ya uchafu umepoteza chupa nzima.

Makoti mapya mengi hutumia dawa zisizo na florini. Zinafukuza maji vizuri lakini hazifukuzi mafuta, kwa hiyo huchafuka upesi. Mwenye koti la aina hiyo afue mara nyingi zaidi ya alivyozoea.

Kwenye lebo naona 10,000, pengine 20,000, pengine namba mbili pamoja. Zinamaanisha nini, na mwindaji anahitaji ngapi?

Namba ya kwanza ni urefu wa safu ya maji, kwa milimita, ambayo kitambaa kinahimili kabla hakijaanza kupenya. Milimita 10,000 ni sawa na uzito wa kilo moja juu ya kila sentimita moja ya mraba. Ukitembea au kusimama, 10,000 inatosha. Ila mwindaji hasimami tu. Anapiga goti, anakaa kwenye nyasi zilizolowa, anatambaa. Chukua mtu anayeegemeza kilo 60 juu ya goti moja, na eneo linalogusa ardhi ni sentimita 40 za mraba. Hiyo ni kilo moja na nusu kwa sentimita, yaani milimita 15,000, na kijiwe chini ya goti huongeza zaidi. Kwa hiyo koti la 10,000 linafaa, bali suruali tafuta ya 20,000 yenye magoti na makalio yaliyoongezewa kitambaa. Wengi hununua kinyume, koti la bei kubwa na suruali ya kubahatisha, kisha hurudi na magoti mabichi.

Namba ya pili ni gramu za mvuke zinazopita kwenye mita moja ya mraba kwa saa 24. Usiiamini sana unapolinganisha kampuni mbili, maana njia za kupima ni nyingi na kila kampuni huchagua inayoipendeza. Kipimo kinachoaminika zaidi ni RET, ambacho ni ukinzani dhidi ya mvuke, hivyo namba ndogo ndiyo nzuri: chini ya 6 ni bora sana, 6 hadi 13 ni nzuri, zaidi ya 20 utajisikia umevaa mfuko wa plastiki. Hata hivyo mvuke hutoka pale tu ndani kunapokuwa na joto na unyevu kuliko nje. Kwenye mvua ya vuguvugu yenye hewa nzito, utando wa bei yoyote hulemewa. Hapo zipu za kwapani zenye urefu wa sentimita 30 au zaidi zinakusaidia kuliko namba yoyote ya lebo.

Tazama pia tabaka. La tabaka tatu, ambapo kitambaa cha nje, utando na kitambaa chembamba cha ndani vimegandishwa pamoja, ndilo linalodumu porini. La tabaka mbili lina bitana inayoning'inia, ni zito na hukauka polepole. La mbili na nusu, ambalo ndani lina mpako mwembamba tu badala ya kitambaa, ni jepesi la kuweka begini kwa dharura, lakini hunata kwenye ngozi na huisha upesi chini ya mikanda ya begi.

Nikinyatia, koti langu linapiga kelele kama karatasi. Wanyama wananisikia kabla sijawaona. Nifanyeje?

Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya koti la mpanda milima na koti la mwindaji. Naironi ngumu hutoa mlio mkali kila tawi likiligusa, na mlio huo haufanani na sauti yoyote ya porini. Dukani, funga macho, kwaruza mkono wa koti kwa kucha, kisha sugua mkono kwenye ubavu kama unayeinua silaha. Unachotaka kusikia ni sauti ya sufu, siyo ya karatasi. Jaribu pia velkro za mikononi. Kwa kuvizia karibu, vifungo vya kubana au lastiki ni afadhali.

Kitambaa cha nje chenye manyoya mafupi, cha poliesta iliyopigwa brashi, ni kimya sana. Gharama yake ni kwamba hunywa maji, huongezeka uzito na hukauka taratibu, hata kama utando wa chini yake hauvuji. Kwa anayekaa kwenye maficho saa tano, hilo ni jambo la kuvumilika. Kwa anayetembea kilomita 15 kwa siku, siyo. Huyu wa pili avae koti la tabaka tatu la poliesta laini yenye kunyumbulika, alifue mara kadhaa kabla ya msimu ili ugumu wa kiwandani upungue, na wakati wa kunyatia pasipo mvua kubwa alivue aliweke begini. Mvua yenyewe hufunika sauti nyingi. Kelele za koti hukuponza zaidi mvua ikikatika huku bado umelivaa.

Wapiga mishale wana sharti la ziada: mkono wa koti usiwe mpana. Vuta uta ukiwa umevaa koti kamili na uangalie kama upote unagusa kitambaa kifuani au kwenye kigasha. Ukigusa, mshale unakwenda pembeni.

Je, sabuni na dawa ya mbu zinaweza kulitia koti harufu au kuliharibu?

Vyote viwili. Sabuni yenye manukato hukaa kwenye kitambaa siku nyingi. Sabuni nyingi za kawaida pia zina kemikali za kuzifanya nguo zionekane nyeupe, ambazo hung'aa kwa rangi ya buluu. Wanyama wenye kwato hawatofautishi vizuri nyekundu na machungwa, lakini buluu wanaiona vyema. Tumia sabuni isiyo na harufu wala king'arishi.

Dawa ya mbu yenye DEET, kemikali ya kufukuza wadudu, huyeyusha baadhi ya plastiki na nyuzi za lastiki. Paka kwenye ngozi, acha ikauke, osha viganja, ndipo ushike zipu na kofia.

Koti la marehemu babu yangu lilikaa kabatini miaka mingi. Ndani linanata, linabanduka vipande na lina harufu mbaya. Linaokoka?

Pole, ndugu, hilo limekwisha kama koti la mvua. Rangi iliyopakwa ndani kuzuia maji ni poliyurethani, aina ya plastiki, na unyevu pamoja na joto huivunja polepole hata pasipo mtu kulivaa. Ikishaanza kunata hakuna dawa inayoirudisha. Lihifadhi kwa kumbukumbu, au likate upate viraka vya kitambaa cha nje.

Makoti mengine huuawa hivyohivyo na wenyewe, kwa kukunjwa mabichi ndani ya mfuko au kuachwa kwenye buti la gari juani. Baada ya kila safari litundike kwenye hanga pana, zipu wazi, mahali penye hewa na kivuli, hadi likauke pande zote mbili, mifukoni pia. Na kambini lisiwe karibu na moto. Cheche moja hutoboa naironi, na joto la kaa hulegeza gundi ya utepe wa mishono kabla hujaona dalili yoyote nje.

Mwiba umechana suruali yangu ya mvua sentimita tatu. Fundi cherehani anataka kuishona.

Mzuie. Kila tundu la sindano ni mlango wa maji.

Safisha pande zote kwa spiriti, acha pakauke kabisa. Kata nyuzi zilizochomoza, leta kingo zikutane bila kuvuta. Kata kiraka cha utepe wa kurekebishia nguo za mvua kinachozidi mpasuko kwa sentimita mbili kila upande, na pembe zake ziwe za mviringo, kwa kuwa pembe kali hubanduka kwanza. Kibandike juu ya ubao mgumu, ukisugue kwa mgongo wa kijiko kutoka katikati kwenda nje. Usikifue kwa siku moja au zaidi. Kwenye kitambaa chenye manyoya utepe haushiki. Hapo weka gundi laini ya poliyurethani upande wa ndani, tabaka jembamba, na uache usiku kucha. Gundi hiyohiyo hufunga kingo za utepe wa mishono ulioanza kuinuka. Ikiwa utepe wote umeachia, mpelekee fundi mwenye mashine ya hewa moto.

Porini, mkanda wa gundi wa kawaida pande zote mbili utakufikisha kambini. Ubandue siku hiyohiyo, la sivyo gundi yake itaganda na kiraka cha kweli hakitashika.

Mimi napenda koti la pamba lenye nta. Je, limepitwa na wakati?

Bado lina nafasi. Liko kimya, linavumilia miiba kuliko utando wowote, na linarekebishika maisha yote. Ubaya wake ni uzito, harufu ya nta, na kwamba mvua ya siku nzima hatimaye hupenya kwenye mishono.

Halifuliwi kwa mashine, sabuni wala maji ya moto. Lifute kwa sponji na maji baridi. Mara moja kwa mwaka lipake nta: chovya kopo kwenye maji ya moto hadi nta iwe laini, ipake kwa kitambaa, ukikazia mishono, mabega na mikunjo ya viwiko, kisha pitisha mashine ya kukaushia nywele hadi nta izame na michirizi iondoke. Usipake ndani ya mifuko. Litundike usiku mzima mbali na nguo nyingine, na likae mbali na moto, kwani nta huwaka.

Buti zangu ni nzuri na suruali haivuji, lakini maji huingia miguuni.

Yanaingia kwa juu. Ukiingiza suruali ndani ya buti, au ukavaa vifuniko vya turubai vya miguuni juu ya suruali, kila tone linaloteremka linaishia kwenye soksi. Suruali ya mvua iwe nje ya vyote, nayo ivuke shingo ya buti kwa sentimita 15 angalau. Chagua yenye zipu ndefu ubavuni ili uivae bila kuvua buti. Mikononi ni hivyohivyo: ukiinua darubini, maji hukimbilia kwenye kiwiko, hivyo kaza mkono wa koti juu ya kifundo kabla ya kuinua, na nguo ya ndani isichungulie nje, maana huyavuta maji kama utambi.

Eneo tunalowindia sheria inadai fulana ya rangi ya machungwa. Nikivaa koti la mvua inafunikwa. Nivae ipi juu?

Fulana juu, daima, hata mvua ikinyesha vipi. Nunua yenye saizi kubwa inayoingia juu ya koti bila kubana, na kofia ya koti ikipanda, kofia ya machungwa iende juu yake au uifunge kitambaa cha rangi hiyo. Mvua na ukungu hupunguza umbali wa kuonekana wakati ambao mwenzako naye anatazama kupitia kioo kilicholowa. Koti lenye kamba ndefu kiunoni au kwenye kofia, zikate au zifiche ndani ya pindo kabla hujaondoka nyumbani, kwa sababu kamba inayoning'inia inaweza kunasa kifyatulio.